Majina Kumi na Mawili Begani: Maana ya Mavazi ya Makuhani wa Israeli

Swali: Shikamoo, mwalimu. Ninafundisha shule ya Jumapili, na mwezi huu tumefika kitabu cha Kutoka, sura ya 28. Wanafunzi wangu wakubwa wameniuliza kwa nini Mungu aliagiza mavazi ya gharama kubwa kiasi hicho kwa watu waliokuwa wakiishi katika mahema jangwani, na kila rangi na kila kito kilikuwa na maana gani. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mavazi haya, na kila mhubiri ana tafsiri yake. Wapo wanaosema pia kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni ili akifia ndani avutwe nje. Ningependa kujua mavazi yale yalimaanisha nini kwa Waisraeli wenyewe.

Jibu: Marahaba. Nimefurahi kwamba umeuliza yalimaanisha nini kwa wale walioyaona kwa macho yao, kwa sababu sura hii wengine huiruka wakiiona kuwa ni orodha ya fundi cherehani, na wengine huigeuza ghala la mafumbo, ambamo kila uzi hupewa maana kulingana na mahubiri ya siku hiyo. Mimi nakuomba tuifuate sura yenyewe pale inapotilia mkazo, na tuiache inyamaze pale inaponyamaza.

Mkazo wake unaonekana katika kitenzi kimoja. Kwa Kiebrania ni nasa, na tafsiri yetu ya Union Version imekiweka vizuri kwa neno "kuchukua", neno lile lile lililotupa mchukuzi wa bandarini. Katika mstari wa 12 Haruni, ndugu yake Musa na kuhani mkuu wa kwanza, anayachukua majina ya wana wa Israeli juu ya mabega yake. Katika mstari wa 29 anayachukua tena juu ya moyo wake. Katika mstari wa 30 anaichukua hukumu ya wana wa Israeli. Katika mstari wa 38 anauchukua uovu wa vile vitu vitakatifu ambavyo watu wameviweka wakfu. Kitenzi hicho kinarudi mara ya mwisho katika mstari wa 43, safari hii kama onyo, kwamba makuhani wakikaribia madhabahu pasipo vazi lililoagizwa watauchukua uovu wao wenyewe na kufa. Kabla ya kuuliza rangi ya samawi ina maana gani, wanafunzi wako waelewe kwamba mavazi haya yalishonwa kwa ajili ya mtu mwenye mzigo, na kwamba mzigo huo ni watu.

Tuyataje sasa mavazi yenyewe. Kuhani wa kawaida alivaa vitu vinne, yaani kanzu ya kitani, mshipi, kofia na suruali za kitani zilizotoka kiunoni hadi mapajani. Kuhani mkuu alikuwa na kanzu, mshipi na suruali kama wao, na kilemba mahali pa kofia, kisha akaongezewa vinne vyake peke yake: joho la samawi tupu, naivera, kifuko cha kifuani, na bamba la dhahabu lililofungwa mbele ya kilemba. Neno "naivera" huwasumbua wasomaji wengi, na tafsiri nyingine za Kiswahili zimechagua "kizibao" au "kisibau". Lilikuwa vazi la juu lenye vipande viwili vya mabegani na mshipi wake uliofumwa pamoja nalo, na kazi yake kubwa ilikuwa kushikilia vito vya mabegani na kile kifuko. Usilichanganye na naivera ya kitani, vazi jepesi alilovaa Samweli akiwa mtoto, na ambalo Daudi alilivaa akicheza mbele ya sanduku la Mungu.

Kuhusu gharama, swali la wanafunzi wako ni la haki kabisa. Kitabu cha Kutoka kinaeleza kwamba Waisraeli walipoondoka Misri walipewa na majirani zao vyombo vya fedha, vya dhahabu na mavazi, na kwamba vifaa vya maskani, yaani hema la ibada, vilitolewa kwa hiari na watu ambao mioyo yao iliwapa kupenda. Sura ya 35 inasimulia kwamba wanawake wenye ujuzi walisokota kwa mikono yao nyuzi za samawi, za zambarau, nyekundu, na kitani nzuri. Habari hiyo naipenda sana, na mara nyingi nasikitika kwamba mahubiri huipita bila kuitaja. Hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kuvaa naivera, lakini hakuna naivera ambayo ingekuwapo pasipo nyuzi zilizotoka mikononi mwao. Watu waliochukuliwa begani mwa Haruni walikuwa wamekwisha kuingia katika kitambaa chake kabla hajakivaa.

Nyuzi hizo hazikuwa za kawaida. Samawi ya Biblia, ambayo Kiebrania huiita tekheleti, pamoja na zambarau, zilitokana na konokono wa baharini waliovuliwa kwenye pwani ya Mediterania, na rangi ilipatikana kwa kuwavunja na kutoa tezi moja ndogo kutoka kwa kila mmoja. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu za rangi safi. Nyekundu ilitoka kwa wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti, na jina lake la Kiebrania lenyewe lina neno linalomaanisha mdudu au funza. Mwaka 2021 wanaakiolojia wa Israeli walitangaza kwamba vipande vya sufu kutoka Timna, kwenye machimbo ya kale ya shaba kusini mwa nchi, vimepimwa na kuonekana kuwa vilitiwa zambarau halisi ya konokono yapata mwaka 1000 KK, yaani karibu na siku za Daudi. Vipande hivyo si vya makuhani, lakini vinaonyesha kwamba kitambaa cha namna hii kilijulikana na kutumika katika eneo lile tangu zamani hizo.

Hapo tunafikia suala la rangi, na lazima nikuambie wazi kwamba sura ya 28 haitoi maana ya rangi hata moja. Anayefundisha kwamba samawi ni mbingu na nyekundu ni damu anaweza kuwa anasema jambo la kujenga, ila asiseme kwamba Musa ndiye aliyeandika hivyo. Maandiko yanatuonyesha watu wa wakati ule walifikiri nini walipoziona rangi hizi. Katika kitabu cha Waamuzi sura ya 8, zambarau ni vazi la wafalme wa Midiani. Katika Esta sura ya 8, Mordekai anatoka mbele ya mfalme akiwa amevaa mavazi ya kifalme ya samawi na nyeupe, na joho la kitani nzuri na zambarau. Na Yeremia sura ya 10 anasema kwamba sanamu za mataifa huvikwa samawi na zambarau. Aliyemwona Haruni, kwa hiyo, alifikiri kwanza juu ya ikulu. Maskani ilikuwa makao ya Mfalme, na mhudumu wa ndani kabisa alivaa kwa hadhi ya nyumba anayoitumikia.

Neno la Yeremia linastahili kukaliwa kidogo. Katika mahekalu ya Mesopotamia mavazi ya fahari zaidi, yenye mapambo ya dhahabu yaliyoshonewa juu yake, yalikuwa ya sanamu ya mungu, na makuhani waliivisha na kuivua sanamu hiyo kwa taratibu maalumu. Katika maskani ya Israeli hapakuwa na sanamu ya kuvikwa. Dhahabu iliyofuliwa mabamba membamba na kukatwa nyuzi, kama Kutoka 39:3 inavyosimulia, ikafumwa katika vazi la mwanadamu, tena mwanadamu ambaye kazi yake ilikuwa kuwakumbusha wengine mbele za Mungu. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyosemwa na dini ya Israeli, na lilisemwa kwa sindano na uzi.

Kuna jambo lingine kuhusu vitambaa ambalo wasomaji wengi hawalioni. Samawi, zambarau na nyekundu vilitiwa katika sufu, kwa kuwa kitani hukataa rangi kwa urahisi. Kwa hiyo naivera na kifuko vilikuwa mchanganyiko wa sufu na kitani. Lakini Walawi 19:19 na Kumbukumbu la Torati 22:11 zinamkataza Mwisraeli kuvaa mchanganyiko wa namna hiyo. Wengi hudhani kwamba mchanganyiko ulikatazwa kwa sababu ni mchafu, ilhali maskani inaonyesha kinyume chake, kwa maana mapazia ya ndani, pazia la Patakatifu pa Patakatifu na mavazi ya kuhani mkuu vyote vilifumwa hivyo. Mchanganyiko ulikuwa wa nyumba ya Mungu, na ndiyo maana haukuruhusiwa sokoni wala shambani. Kuhani mkuu alivaa kitambaa kile kile kilichotandwa kwenye kuta za makao, kana kwamba ukuta umepata miguu ya kutembea.

Na hata hivyo Mwisraeli wa kawaida hakuachwa mikono mitupu. Hesabu 15:38 inaagiza kila mtu atie vishada katika ncha za vazi lake, na katika kila kishada uzi mmoja wa samawi, ili autazame na kuzikumbuka amri na kuwa mtakatifu kwa Mungu wake. Mtaalamu Jacob Milgrom alionyesha kwamba uzi huo wa sufu ya samawi katika vazi la kitani ulimfanya mkulima na mchungaji wa mbuzi avae kipande kidogo cha vazi la kuhani, na marabi wa kale waliruhusu mchanganyiko katika vishada hivyo. Ukiweka jambo hilo kando ya Kutoka 19:6, ambapo taifa zima linaitwa "ufalme wa makuhani", utaona kwamba vazi la Haruni halikutengenezwa ili kumtenga na ndugu zake kwa ukuta usiovukika. Uzi mmoja ulibaki ukiwaunganisha.

Sasa tuje kwenye mabega na kifua, ambako nakuomba ukae na darasa lako muda mrefu kuliko mahali pengine. Juu ya kila bega kulikuwa na kito cha shohamu, na juu ya kila kito majina sita yalichorwa kwa utaratibu wa kuzaliwa kwa wana wa Yakobo. Vito hivyo viwili vilikuwa vya aina moja, wala hakuna kabila lililopewa kito bora kuliko jingine. Kifuani mambo yalikuwa tofauti. Kifuko kilikuwa cha mraba, shibiri moja kwa shibiri moja, kitambaa kilichokunjwa mara mbili, na juu yake vito kumi na viwili katika safu nne, kila kabila na kito chake na jina lake. Begani taifa lilichukuliwa kwa pamoja, na kifuani kila nyumba ilijulikana kwa uso wake.

Tena sura inasema majina yachorwe kama michoro ya muhuri. Katika nchi za kale muhuri ulisimama mahali pa mtu mwenyewe. Ndiyo sababu Tamari, katika Mwanzo 38, alidai muhuri wa Yuda kama rehani, na aliposhtakiwa ukamwokoa. Kabila la Gadi lilipochorwa kifuani kwa namna ya muhuri, Gadi lilikuwapo ndani ya patakatifu kwa nguvu ile ile ambayo mtu huwapo katika hati aliyoipiga muhuri. Wahenga wetu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa maana anayetazama kwa mbali haonji uzito wa anayebeba. Haruni hakuruhusiwa kuutazama mzigo wa nduguze kwa mbali. Uliwekwa mwilini mwake ukiwa mawe, ukafungwa kwa mikufu ya dhahabu na kwa uzi wa samawi ili kifuko kisisogee kutoka kwenye naivera, naye hakuweza kuingia bila kuusikia ukimlemea.

Kuhusu kila kito na maana yake, washauri wanafunzi wako wasijenge mafundisho juu ya majina ya vito katika tafsiri zetu, kwa kuwa majina kadhaa ya Kiebrania hayatokei mahali pengine pengi, na watafsiri wa kila lugha wamechagua kadiri walivyoona. Mfano rahisi ni almasi inayotajwa katika safu ya pili. Mafundi wa zama zile hawakuwa na chombo cha kuchora maandishi juu ya almasi, kwa hiyo kito kilichokusudiwa lazima kiwe kingine.

Kifuko kiliitwa "kifuko cha kifuani cha hukumu", na kilikunjwa mara mbili kwa sababu kilitunza ndani yake Urimu na Thumimu, ambavyo kwavyo kuhani alimwuliza Mungu katika mambo ya taifa. Yoshua alielekezwa kusimama mbele ya kuhani Eleazari ili amwulizie kwa Urimu kabla ya kutoka vitani, na Sauli, mwisho wake ulipokaribia, hakujibiwa kwa ndoto, wala kwa Urimu, wala kwa manabii. Baada ya uhamisho wa Babeli, liwali aliwaambia jamaa fulani, ambao majina yao hayakuonekana katika orodha ya ukuhani, wangoje hadi asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Angalia mahali vilipokaa: nyuma ya majina. Jibu la Mungu kwa taifa lilipitia mahali ambapo kila kabila lilikuwa limeandikwa.

Bamba la dhahabu huitwa kwa Kiebrania tsitsi, neno linalomaanisha pia ua lililochanua, na ndilo linalotumika katika Hesabu 17 fimbo ya Haruni ilipotoa maua. Juu yake palichorwa MTAKATIFU KWA BWANA. Wengi husoma maneno hayo kama sifa ya Haruni. Mstari wa 38 unaeleza vingine, kwamba bamba lilikaa katika kipaji cha uso wake ili auchukue uovu ulio ndani ya sadaka zenyewe. Fikiria maana yake. Mtu ameleta mwanakondoo wake kwa moyo mzuri, na bado ndani ya sadaka yake kuna kasoro asiyoijua, nia iliyochanganyika, pengine kosa katika namna ya kuleta. Sadaka hiyo hairudishwi. Inakubaliwa kwa sababu mbele yake limetangulia bamba linalosema kwamba kitu hiki ni cha BWANA. Ninapomfundisha mtu anayeogopa kwamba ibada yake haitoshi, mstari huu ndio ninaomfungulia kwanza.

Chini ya naivera kulikuwa na joho la samawi, lenye shingo iliyoimarishwa lisiraruke, na katika pindo lake makomamanga ya nyuzi yakipokezana na njuga za dhahabu. Sisi tunaijua njuga tangu ngomani, miguuni mwa mchezaji, na tunajua kwamba huwezi kumnyemelea mtu ukiwa umeifunga. Hiyo ndiyo maana iliyo karibu zaidi na maandiko: sauti isikiwe Haruni aingiapo mbele ya BWANA na atokapo, asije akafa. Hata katika majumba ya wafalme wa dunia mtu haingii pasipo kutangazwa, na Esta alijua adhabu ya kuingia bila kuitwa. Wana wawili wa Haruni, Nadabu na Abihu, waliingia na moto ambao hawakuagizwa, na Walawi 10:5 inasema walitolewa nje wakiwa wamevaa kanzu zao. Kanzu haikuwa hirizi.

Na kamba ya mguuni? Haimo katika Torati, haimo kwa manabii, wala haimo katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, ambao unaeleza huduma ya Siku ya Upatanisho kwa undani wa ajabu. Habari ya kufungwa mguuni inatokea katika Zohari, maandishi ya mafumbo ya Kiyahudi yaliyojulikana Hispania mwishoni mwa karne ya 13, zaidi ya miaka 1,200 baada ya hekalu kubomolewa. Aidha wanaoisimulia huongeza kwamba watu walisikiliza njuga ili kujua kama kuhani angali hai, na hapo simulizi linajivunja lenyewe, kwa sababu Walawi 16:4 inaonyesha kwamba siku ile moja ya mwaka aliyoingia Patakatifu pa Patakatifu hakulivaa joho lenye njuga. Mishna inatuachia kumbukumbu ya kweli zaidi na ya kugusa zaidi: alipotoka pale ndani alisali sala fupi, wala hakuirefusha, ili asiwatie watu hofu waliokuwa wakimngoja.

Siku hiyo ndiyo ufunguo wa mavazi yote. Kuhani mkuu, ambaye mwaka mzima alihudumu katika dhahabu, aliivua, akaoga, akavaa kitani nyeupe tupu: kanzu, suruali, mshipi na kilemba. Kwa mujibu wa Mishna alibadilisha mavazi kati ya dhahabu na nyeupe siku ile, akizama majini mara 5 na kunawa mikono na miguu mara 10. Kwa nini mahali patakatifu kuliko pote paingiwe na vazi lisilo na pambo? Marabi walijibu kwamba mshtaki hawezi kuwa mtetezi, yaani dhahabu iliyokumbusha ndama wa jangwani isingeweza kuingia kuombea msamaha, na dhahabu ile ya ndama, kumbuka, ilitoka masikioni mwa watu wale wale waliochangia maskani. Wengine walikumbusha kwamba malaika katika Ezekieli na Danieli wanaonekana wamevaa kitani. Mimi naona majibu yote mawili yanasimama. Fahari ilikuwa ya kumwonyesha Mfalme kwa watu, na pale ambapo hapakuwa na mtazamaji mwingine isipokuwa Mfalme mwenyewe, mtumishi aliingia kama mtumishi.

Vazi pia ndilo lililomfanya mtu kuwa kuhani. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, katika risala ya Zevahimu inasema kwamba mavazi yao yakiwa juu yao, ukuhani wao uko juu yao, na yasipokuwapo, ukuhani haupo. Musa aliyanyunyizia mafuta na damu mavazi pamoja na watu walioyavaa. Haruni alipokaribia kufa juu ya mlima Hori, Musa alimvua mavazi yake akamvika Eleazari mwanawe, na baada ya hapo tu ndipo Haruni alipokufa. Katika Zekaria sura ya 3, Yoshua kuhani mkuu anasimama mbele ya malaika akiwa amevaa nguo chafu, na msamaha wa taifa lililorudi kutoka uhamishoni unaonyeshwa kwa kumvua nguo hizo na kumvika nyingine pamoja na kilemba safi.

Watawala wa dunia walilielewa jambo hili vizuri mno. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyezaliwa katika ukoo wa kikuhani, anasimulia kwamba tangu siku za Herode vazi la kuhani mkuu lilifungiwa katika ngome ya Antonia kando ya hekalu. Warumi wakaendeleza desturi hiyo. Vazi lilikaa katika chumba cha mawe chini ya muhuri wa makuhani na watunza hazina, mkuu wa ngome akiwasha taa pale kila siku, na siku 7 kabla ya sikukuu lilikabidhiwa kwa makuhani lipate kutakaswa. Gavana Vitellius aliwarudishia Wayahudi haki ya kulitunza mnamo mwaka 36 BK. Liwali Fadus akataka kulirudisha ngomeni, na kaisari Claudius akaamua mwaka 45 kwamba libaki mikononi mwa Wayahudi. Wajumbe walisafiri hadi Roma kwa ajili ya vazi.

Kuhusu suruali nitasema machache. Agizo lake linakwenda pamoja na Kutoka 20:26, inayokataza kupanda madhabahuni kwa ngazi, utupu usije ukafunuliwa. Chombo maarufu cha Uruk, cha yapata mwaka 3000 KK, kina picha za wanaume walio uchi wakipeleka sadaka hekaluni; Israeli iliagizwa kinyume. Viatu havimo katika orodha, na mapokeo ya Kiyahudi yanasema makuhani walihudumu miguu mitupu, kama Musa alivyovua viatu penye kijiti kilichowaka. Mavazi hayo hayakutembezwa mitaani pia: Ezekieli 44:19 inawataka makuhani wayavue na kuyaacha katika vyumba vitakatifu kabla ya kuwatokea watu katika ua wa nje.

Usidhani kwamba nadharau tafsiri za baadaye. Josephus aliona katika vitambaa hivi ulimwengu mzima, kitani ikiwa ardhi, zambarau bahari, samawi anga, nyekundu moto, na njuga zikiwa ngurumo. Talmudi ilisema kila vazi hufanya upatanisho kwa kosa lake, kanzu kwa damu iliyomwagwa, kilemba kwa kiburi, na joho kwa masengenyo, kwa kuwa kitu chenye sauti kifunike dhambi ya sauti. Waraka kwa Waebrania ulimsoma kuhani mkuu kama kivuli cha Kristo, na Ufunuo ukavipeleka vito kumi na viwili katika misingi ya mji mpya. Wafundishe wanafunzi wako yote hayo, ila uwaambie kila sauti ni ya nani na ya wakati gani.

Naongeza jambo moja wanafunzi wako watakaloliuliza bila shaka, nalo ni mavazi yalipelekwa wapi yakichakaa. Mishna, katika risala ya Sukka, inajibu kwa habari ya suruali na mishipi ya makuhani wa kawaida. Vilipochakaa vilichanwa vikawa tambi za taa, zikawekwa katika vinara virefu vya dhahabu vilivyosimamishwa uani mwa hekalu usiku wa furaha ya kuteka maji, wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Vijana wa ukoo wa makuhani walipanda ngazi wakiwa na mitungi ya mafuta, wakajaza mabakuli, na tambi zile zikawashwa. Na hapakuwa, Mishna inasema, ua hata mmoja katika Yerusalemu ambao haukuangazwa na mwanga huo.